Uso wa Mwimbaji

Kizito alikuwa amepiga video za harusi na mazishi ya nusu ya Bungoma, lakini hakuwa na picha hata moja ya mkewe akitembea. Za kusimama zilikuwepo, mbili tatu za studio, Jentrix ameegemea meza yenye maua ya plastiki. Za kucheka, za kugeuka mtu anapoitwa, hakuna. Sababu ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliomuuma: kazi ile waliifanya pamoja. Yeye alibeba kamera begani, Jentrix akashika taa na kuvuta waya wake. Kila bibi harusi aliyeng'aa katika kanda zile aling'aa kwa mkono wa Jentrix. Ukitazama kwa makini utaona kivuli chake ukutani, au kiwiko kikichungulia pembeni mwa picha kisha kikatoweka, kwa kuwa Kizito alikuwa amemfokea, "Toka kwa picha, wewe!" Naye alitoka huku akicheka.

Alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani, mwaka wa 2005, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani. Binti yao Lenah alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Siku ya mazishi Kizito alifanya jambo ambalo watu hawakulisahau. Alichukua kamera. Hakuna aliyemtuma. Alijikuta ameifungua, ameipachika begani, ameweka jicho mahali pake, kwa sababu kwenye matanga hakujua pengine pa kuweka mikono. Nyuma ya kile kidirisha cheusi alilia mpaka mpira unaozunguka jicho ukajaa maji na picha ikawa ukungu. Lakini nani angeyaona hayo? Walioketi kando ya jeneza waliona mwanamume mwenye jicho la kioo, kavu, likiwaelekea.

Mmoja wao alikuwa mama mkwe wake.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huchepuka na kuingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima, na ni heshima nzito. Katika miaka yote ya ndoa, Kizito na mama yule walikuwa wamependana kupitia kwa Jentrix. Yeye ndiye aliyebeba salamu, kuku, sukari na utani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alipokufa, ile njia nayo ikafa. Kwa hiyo mama aliporudi kwao Myanga, akiwa amembeba Lenah mgongoni, na kusema mbele ya wanawake wote waliomsindikiza, "Hata chozi! Amemwekea mtoto wangu mashine kama ni arusi ya watu," maneno yale yalimfikia Kizito kwa vinywa vya wengine, naye hakuwa na kinywa cha kujibia. Mtoto alibaki Myanga. Hakuna aliyetamka kwamba amenyimwa mtoto. Kila alipouliza, aliambiwa ana homa, au amelala, au wamekwenda kanisani.

Kizito akafunga chumba chake cha Bungoma akaenda Kitale kusomea kazi aliyokuwa akiifanya siku zote. Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana wa juzijuzi, waliomwita Mzee ingawa hakuwa amefika arobaini. Mwalimu wa nadharia alikuwa Waithaka, mwembamba, mwenye sweta moja ya kahawia, mtu aliyeweza kusimamisha picha moja kwenye runinga na kuihoji saa nzima kama polisi anayemhoji mtu asiye na kitambulisho.

"Nani anaonekana?" angeuliza. "Nani anatazama? Nani ametolewa nje? Na hizi picha mbili, nani amesema ziko pamoja?"

Vijana walipiga miayo. Kizito aliandika kila neno. Siku Waithaka alipoeleza kwamba picha ya mtu anayetazamwa ni nusu ya maneno, kwamba mtazamaji hatulii mpaka aonyeshwe pia uso wa yule anayetazama, Kizito aliweka kalamu chini akatoka nje, akasimama kwenye ngazi akivuta harufu ya mbolea kutoka dukani. Miaka miwili watu wa Myanga walikuwa wamebeba nusu moja tu.

Mradi wa mwisho wa mwaka ulikuwa kutengeneza video ya wimbo, kisha mwanafunzi asimame aitathmini mwenyewe kwa nadharia alizofundishwa. Wenzake walichagua nyimbo za kuchezwa. Kizito alichagua wimbo wa Jentrix. Ulikuwa mmoja tu, alioutunga na kuurekodi na kwaya ya kanisa lao katika studio ya chumba kimoja karibu na stesheni ya Bungoma: *Nitazame nikivuka, mto umejaa, nitazame.* Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko mwili wake, na kabla ya kiitikio cha mwisho alivuta pumzi ambayo fundi alisahau kuifuta.

Alitaka mama mkwe wake awemo. Levi, kaka wa Jentrix, ndiye aliyemshawishi mama: ni wimbo wa mtoto wako, mama, Lenah akikua awe na kitu. Mama alikubali, kwa sharti kwamba kamera ishikwe na mtu mwingine. Aliyeishika ni Chepkemei, msichana wa darasa lao kutoka upande wa Mlima Elgon, mwenye mkono usiotetemeka na mdomo usiofungwa. Kizito alimsindikiza mpaka sokoni Myanga, akakaa kwa kinyozi kungoja.

"Huyo mama yako ni staa!" Chepkemei alisema aliporudi, akifuta vumbi kwenye lenzi. "Sikumfunza kitu. Nilimwambia tu, mama, angalia kwa ile njia Jentrix alikuwa anatokea akikuja nyumbani. Akaangalia. Bana, hata mimi nikaangalia nione kama kuna mtu anakuja."

"Si mama yangu. Ni mkwe."

"Si ni mama tu?"

"Kwenu labda."

"Nyinyi Wabukusu mnapenda kusumbuka," alisema Chepkemei, na kinyozi akacheka.

Siku chache baadaye, Kitale, Chepkemei alimpiga video Kizito mwenyewe, ameketi kwenye dirisha la darasa. Walikuwa wameuweka wimbo kwenye kompyuta ili ajue pa kuanzia. Hakuigiza. Pumzi ile kabla ya kiitikio ilipopita, uso wake ulivunjika, naye Chepkemei, asiyefunga mdomo, aliufunga, akaacha kamera iendelee.

Kuhariri alihariri peke yake. Mama alikuwa anatazama kushoto. Yeye alikuwa anatazama kulia. Alizitazama zile picha mbili asubuhi nzima, kila moja peke yake, na mkono wake ulijua tayari utakalofanya kabla hajauruhusu. Akaweka mama. Akajiweka yeye. Akarudisha mama. Na pale, juu ya sauti ya Jentrix, watu wawili waliokuwa hawajawahi kutazamana maishani wakatazamana. Mama alimwona akilia. Yeye alimwona mama akimwona.

Alijua ni mwiko. Alijiambia ni picha tu. Alijiambia kwamba mmoja alikuwa Myanga na mwingine Kitale, siku tofauti, jua tofauti, na hakuna aliyechepuka wala aliyepaswa kuchepuka. Huo ndio uongo aliojifundisha kwa maneno ya darasani. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kulia bila mtu wa kumwona.

Waithaka aliitazama video mpaka mwisho. Aliirudisha nyuma, akaitazama tena.

"Haya. Kanuni ya kwanza ya video ya wimbo ni ipi?"

"Uso wa mwimbaji," darasa likajibu.

"Uonekane mara ngapi?"

"Mpaka mtazamaji ashikwe na hamu naye!"

"Mzee, mwimbaji wako yuko wapi?"

"Hayupo, Mwalimu."

"Naona hayupo. Nauliza yuko wapi."

Kijana mmoja nyuma akanong'ona, "Si amekufa, bana," na mwenzake akampiga kiwiko.

Kizito alisafisha koo. "Hawa wawili wanamtafuta. Kila mmoja akimtazama mwenzake, anamtafuta yeye. Kwa hiyo yuko katikati yao. Yuko pale picha zinapokutana."

Waithaka alivua miwani. Aliwageukia vijana. "Mmesikia? Kamera haijawaweka hawa watu pamoja. Wimbo umewaweka, na mkasi wa mhariri. Hii ndiyo nimekuwa nikiwapigia kelele tangu Januari." Kisha akamgeukia Kizito, na sauti yake ikawa ya kazi tena. "Lakini tathmini yako haina mtazamaji. Umetuambia ulichokusudia. Sijali ulichokusudia. Wapelekee waliomo ndani na jamaa zao, watazame, uniandikie walichosema. Si unachotaka waseme. Walichosema."

Hapo Kizito angeweza kusema hapana. Badala yake alimpa Chepkemei diski, akamrudisha Myanga, naye akaketi tena kwa kinyozi. Moyo wake ulikuwa unadunda kama wa kijana anayepeleka posa.

Chepkemei alirudi mapema mno. Alikaa kwenye benchi bila kuvua mkoba.

"Mbona hukuniambia?"

"Wamesema nini?"

"Mbona hukuniambia, Kizito?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Nimeingia kwa Levi, wamejaza nyumba. Mama wa kanisa, watoto, wote. TV ya betri, unajua. Wimbo umeanza, mama amesikia sauti ya mtoto wake, ametabasamu, amepiga makofi kidogo hivi. Amejiona mwenyewe, wamemchekelea, ati umekuwa mzungu! Amefurahi. Halafu ukatokea wewe." Akashika mkanda wa mkoba. "Wakaacha kucheka. Halafu akarudi yeye. Halafu wewe tena. Shangazi mmoja hivi mzee akasema, 'Si wanaangaliana!' Mama akajifunika leso kichwa mpaka usoni. Akatoka na mlango wa jikoni. Watoto wanauliza kukhu, nyanya yao, anaenda wapi. Ningejua singebeba hiyo kitu. Mimi ndio niliweka mkono kwa hiyo mashine. Ni mimi niliwasha."

Kizito alitaka kusema pole. Kinyozi alizima redio yake bila kuombwa.

Levi alifika kwa baiskeli kabla hawajaondoka. Alikuwa mtu mnene, mpole, na alikuwa amependana na Kizito tangu wakiwa vijana wa kwaya. Hakushuka vizuri, alisimama na mguu mmoja chini, baiskeli katikati ya mapaja, kama mtu aliyetumwa kwa haraka na anayetamani kutumwa kwingine.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Mama amenituma. Ameniambia niseme vile amesema, nisiongeze, nisipunguze."

"Sema."

Levi alitazama usukani. "Amesema hakujua unalia. Siku ile ya matanga aliona tu kamera. Alifikiri nyuma yake hakuna mtu." Akasogeza baiskeli kidogo. "Amesema alikusema vibaya mbele ya watu wengi, na hawezi kuwaita wote warudi awaambie."

Kizito alishika ukingo wa benchi.

"Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, umtoe huko ndani. Usikasirike, shemeji. Amesema kila mtu akiwasha hiyo kitu, yeye anaangalia mkwewe. Akiwa shambani analima, mahali fulani mtu amewasha, basi anakuangalia. Akiwa kanisani anaomba, anakuangalia. Hata akikufa. Amesema atafichia uso wapi?"

"Nitamtoa."

"Amesema pia," Levi akaendelea, na hapa sauti yake ikalegea, "ni vizuri amekuona. Mara moja. Mara moja inatosha." Akafuta pua na mkono wa shati. "Mtoto nitakuletea Bungoma Jumamosi. Akae na wewe mpaka jioni. Hiyo ni yeye amesema, si mimi."

Kizito akaitika kwa kichwa. Ndilo jambo alilokuwa akilitaka kuliko yote, na lilimjia likiwa limefungwa pamoja na lile lingine, huwezi kupokea moja bila lingine. Mama amejua. Amejua na amegeuka, na asingemtazama tena, kwa sababu sasa alimheshimu kama zamani.

Alimtoa. Kazi ilikuwa ya dakika chache, na hilo pia lilimuumiza. Palipokuwa na uso wa mama akaweka mto Nzoia ukiwa umejaa, maji ya udongo, na njia tupu ya Myanga. Yeye mwenyewe akabaki dirishani, akilia kuelekea upande ambao hakuna mtu.

Siku ya kutathmini, Waithaka alileta mwalimu mwingine kutoka nje, na wote wawili waliketi mbele na karatasi zao. Video ilipokwisha Waithaka alikunja uso.

"Umeiharibu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ile ya kwanza ilikuwa kazi ya mtu mzima. Hii ina mtu anayelia dirishani. Unamtazama nani?"

Kizito alikuwa ameandaa majibu. Alikuwa na kurasa juu ya mtazamaji anayejaza pengo, juu ya picha iliyotolewa inavyoendelea kuzisukuma zilizobaki. Maneno yale yalikuwa mbele yake, kwa mwandiko wake safi. Akayasoma machache, na sauti yake ikasikika kama ya mtu anayetangaza kifo cha jirani redioni.

"Mtazamaji wa kweli alisema nini?" aliuliza yule mgeni.

"Alisema atolewe."

"Kwa nini?"

"Kwetu, mama wa mke na mkwe hawatazamani. Mimi niliwatazamisha kwa mkasi. Nilifikiri kwa kuwa haikutokea, basi haikutokea. Lakini kwake ilitokea. Kwake inatokea kila ikiwashwa." Akazifunika kurasa zake. "Nadharia inasema maana iko kwa mtazamaji. Basi mtazamaji amesema."

Waithaka alimtazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. "Nitakupa alama unazostahili kwa ulichonionyesha leo, si kwa ninachokumbuka."

"Ni sawa."

"Ile ya kwanza niachie nakala. Ya kufundishia. Sitaitoa nje ya hapa."

"Nimeifuta, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote."

Chepkemei, aliyekuwa nyuma akizungusha nyaya, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameketi kando yake alipoifuta, akamwuliza kama ana hakika, na Kizito alikuwa amebonyeza. Palikuwa mahali pamoja tu duniani ambapo mtu alimwona akimlilia mkewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyepafunga.

Jumamosi Levi alimleta Lenah kama alivyoahidi, akamwacha mlangoni na mfuko wa ndizi. Mtoto alivaa gauni la kanisani na soksi nyeupe. Alimwamkia baba yake kwa kunyoosha mkono, kama alivyofundishwa kuamkia wageni, kisha akakaa kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele.

Kizito alikuwa amefagia chumba mara mbili. Alimpa chai ya maziwa na mandazi. Alimwuliza habari za kuku, habari za paka. Paka amezaa, Lenah alisema, wote weusi. Mazungumzo yakaisha hapo. Basi akawasha runinga, akaweka diski.

Hakuitazama. Alimtazama mtoto. Gitaa likaanza, kisha sauti ya Jentrix ikajaza chumba kile kile alichokuwa akiimbia akifua, na Kizito akangoja. Hakujua hasa alichokuwa akikingoja. Labda ageuke, labda atulie ghafla, labda kitu fulani ndani ya mwili ule mdogo kikumbuke chenyewe.

Lenah alitafuna andazi. Mto ukapita, njia ikapita. Dirisha lilipotokea akacheka, akanyoosha kidole.

"Ni wewe!"

"Ni mimi."

"Unalia."

"Ndiyo."

Akafikiria hilo. "Na nani anaimba?"

Kizito alisogea akakaa karibu naye kwenye mkeka. "Ni mama yako."

Mtoto alimtazama kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni asiyejua mambo ya mji. "Mama yuko Myanga," alisema. "Na hajui kuimba hivi."

"Hajui?"

"Hajui. Anaimba vibaya. Mjomba Levi anamcheka."

Kizito aliufungua mdomo amwambie kwamba yule wa Myanga ni kukhu, kwamba mama ni mwingine, ndiye huyu anayesikika. Akamtazama mtoto alivyoshika andazi kwa mikono miwili, alivyokuwa na hakika. Ile pumzi ikavutwa, kiitikio cha mwisho kikaanza. Lenah alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna ingine, ya watoto wakicheza.

"Iko," Kizito alisema. Akainuka kwenda kuitafuta.